Chupa ya Wajina

Kaloleni, Nairobi
14 Januari 1996

Kwa wifi yangu Kanyiva,

Nakusalimu kutoka huku kwenye vumbi, nikiomba barua hii ikukute umesimama kwa miguu yako. Sisi tunaendelea. Ndugu yako Munyoki yuko barabara ya Kampala na lori, hatujamwona tangu mwaka mpya. Mtoto mdogo ameota meno na ananiuma kila akinyonya.

Nakuandikia habari za Baba. Amefika salama. Nimemtengenezea kile chumba cha mabati cha nyuma ili mkaza mwana asilale chini ya paa moja na baba mkwe, maana najua hilo ndilo ungeuliza kwanza. Analala huko na mwanangu Kababu. Tangu amwone babu aliyepewa jina lake, wajina wake, Kababu hataki tena kulala kwangu. Wanapiga hadithi mpaka nachoka kuwasikia.

Kliniki nimempeleka. Ni ukoma. Nimeliandika neno hilo mara moja ili ulijue, majirani nimewaambia ni pressure. Usiogope, dawa ipo na inaua wale wadudu kabisa. Ameanza, atameza miaka miwili, na muuguzi Wacera anasema hawezi tena kumwambukiza mtu. Hatari iko mahali pengine. Wadudu wakifa, mwili unaweza kuchachamaa wenyewe kwa wenyewe. Mishipa inavimba kwa ndani, ile inayopita kwenye viwiko na kushika vidole, na ikikaa wiki chache bila vidonge vya kuituliza, mikono inakunjika na haikunjuki tena. Baba ni mchongaji. Sina haja ya kukueleza maana yake.

Sasa kuna daktari kijana, Ndete, anapima mkojo wa wagonjwa. Anasema mwili ukianza kuchachamaa humwaga kitu fulani kwenye mkojo kabla mshipa haujavimba, kabla mgonjwa mwenyewe hajahisi lolote. Akikiona mapema, wanampa vidonge mapema, mikono inapona. Kila Jumatatu anataka mkojo wa kwanza wa alfajiri, kwenye chupa iliyofungwa karatasi nyeusi, kwa sababu mwanga unakiharibu kile kitu. Wagonjwa ni wengi, kwa hivyo wanaangalia chupa kwanza. Anayeitwa ndani kushikwa viwiko ni yule ambaye chupa yake imesema vibaya.

Taabu yangu ni moja. Kumpa baba mkwe chupa na kumwambia akojoe, mdomo wangu ulikataa. Wacera alinicheka. "Mama Kababu," akasema, "hapa hakuna mkwe, hapa kuna mkojo." Kwake ni rahisi. Mwishowe alimweleza yeye, na Baba akatazama ukuta mpaka maneno yakaisha. Tumepatana hivi: anajaza huko nyuma, anafunga, Kababu analeta mlangoni, nami naitia kwenye kikapu nikienda kazini kiwandani. Hatutazamani.

Nakuomba uje ukae hata mwezi. Wewe ni damu yake, unaweza kumwuliza mambo ambayo mimi siwezi.

Ni mimi,
Mwongeli

*

Wamunyu
27 Januari 1996

Mke wa Munyoki,

Barua nimeipata na nimeichoma baada ya kusoma. Ukiniandikia tena neno lile, andika kwa penseli.

Siji. Binti yangu Ndindi anaposwa, wazee wa upande ule watakuja Agosti, na watu wa huku wakisikia nimekwenda Nairobi kuuguza baba watauliza anaugua nini. Nitasema nini, pressure? Pressure haimtoi mtu vidole. Kaa naye wewe. Uliolewa kwa ajili ya siku kama hizi, si kwa ajili ya harusi peke yake.

Unajua mikono ile ni nini? Kila mbuzi aliyeingia kwa baba yako siku tulipokuchukua alitoka kwenye mikono ile. Nyumba hii ninayolala imetoka kwenye vifaru na twiga wake walioko mezani kwa wazungu. Munyoki alisomeshwa na patasi. Hata darasa la nane lako unalotuandikia nalo, nani alilimalizia karo ulipokwama ukiwa umeshachumbiwa? Usijibu.

Sasa nasikia unatembea na mkojo wa baba mkwe kwenye kikapu kimoja na chakula chako cha mchana. Kwetu hilo halifanywi. Lakini kama daktari amesema ndiyo njia, basi fanya, ila fanya bila kuona na bila kunusa, usituletee laana juu ya ugonjwa.

Na nikwambie mapema ili usiseme hukuambiwa. Mikono ya baba ilikuja kwako ikiwa mizima. Ikifia hapo kwako, basi mikono mingine itatoka hapo hapo kwako.

Kanyiva

*

Kaloleni
25 Februari 1996

Wifi Kanyiva,

Penseli sina, utasamehe. Maneno yako yote nimeyasoma, mengine nimeyaweka kando, siku yake ikifika tutaongea.

Habari ni njema. Kila Jumatatu chupa imekwenda, na kila mara Wacera ananiambia Baba ametulia kuliko wagonjwa wote. Daktari Ndete mwenyewe aliniita akaniuliza tunamlisha nini. Nikamwambia sukuma na isio ya mahindi na maharagwe, kama watu wengine. Kuna mama mmoja wa Eastleigh, Saado, huwa tunakaa benchi moja. Chupa yake ilisema vibaya wiki ya pili tu, wakampa vidonge siku hiyo hiyo, na vidole vyake alikuwa hajahisi hata mchonyoto. Leo anashona. Alinionyesha mikono yote miwili akiigeuza geuza kama anauza samaki. Kwa hivyo hii kitu inafanya kazi, na hilo linanipa usingizi, yaani huo kidogo ninaoupata.

Jambo jingine, utacheka. Kababu ameacha kukojoa kitandani. Mimi nimepigana naye mwaka mzima, nimemnyima chai jioni, nimemtandikia nailoni, wapi. Babu yake amemponya bila kiboko. Anamwamsha alfajiri kabla kuku wa jirani, Mama Shitanda, hawajawika, wanashughulika huko nyuma, na mtoto anarudi mkavu. Anajiona mtu mkubwa. Ananiletea chupa mlangoni ameishika kwa mikono miwili kama mchungaji na kikombe cha meza ya Bwana, na mgongo ameunyoosha. Nilitaka kumwambia Baba asante, lakini ningeanzaje?

Ila kuna kitu. Juzi aliangusha kikombe. Kesho yake akakiangusha tena, akasema ni mkono tu wa kikombe umelegea. Kiwiko kinamuuma, namwona akikishika akidhani simwoni. Nilimweleza Wacera. Akafungua kitabu, akaniambia chupa zake zote ziko sawa, hiyo ni baridi ya saruji ya Nairobi na umri, akanipa vidonge vya maumivu. Nikauliza kama hawawezi kumshika viwiko tu, dakika moja. Alinionyesha foleni kwa kidevu.

Basi nimeamini chupa. Nifanyeje, mimi si daktari.

Mwongeli

*

Kaloleni
17 Machi 1996

Kwako Kanyiva, uliyebeba jina la mama yangu, kwa hivyo nakuamkia kwanza.

Mama, mimi baba yako sijambo. Utaona herufi zinapanda na kushuka, usiseme nimelewa. Kalamu za siku hizi ni nyembamba mno.

Nakaa vizuri. Mkaza mwana ana heshima, hajawahi kuuona uso wangu nikila. Anaamka kabla ya ndege na kurudi gizani, na mtoto yuko mgongoni wakati wote kama nundu. Namhurumia lakini si kazi yangu kumwambia.

Kuhusu ile kazi ya Jumatatu, najua inakukera, ilinikera mimi zaidi. Sijawahi kuona nchi ambapo mke wa mwanao anapita mbele ya wanaume wa barabarani akiwa na aibu yako kwenye kikapu. Siku ile yule muuguzi akinieleza, nilitamani kurudi nyumbani kwa miguu. Lakini nimeipatia njia isiyomwaibisha mtu yeyote. Anachobeba mkaza mwana ni kile kile alichozoea kufua kila siku. Daktari anapata maji yangu, mimi nabaki na heshima yangu. Niko na wajina wangu na kazi ile tunaifanya pamoja. Mtu mwenye wajina hazeeki wala hakosi msaada, hilo nilikuwa nalisikia, sasa nimeliona.

Na maji ni mazuri. Daktari amesema hajaona mazuri kama hayo. Kwa hivyo vidole hivi vikifa ganzi sijali, ni baridi ya saruji. Nilianza kifaru kidogo cha kumwonyesha mtoto. Patasi iliniponyoka, na sikujua imenikata mpaka nilipoona mti umekuwa mwekundu. Ningekuwa na wasiwasi kama si habari za maji.

Waambie watu wa chama cha wachongaji nitarudi kabla ya mavuno ya mahindi. Mti wangu wa mpingo ule mrefu usiguswe na mtu.

Baba yako,
Nzivo

*

Kaloleni
14 Aprili 1996

Wifi Kanyiva,

Munyoki atakuwa ameshamfikisha Baba hapo kwenu. Umeshaona mwenyewe. Sijui unataka nikueleze nini zaidi ya macho yako.

Nitakueleza hata hivyo. Ijumaa Kuu aliamka vidole vya mkono wa kulia vimekunjika kama anashika kamba. Alijaribu kuvikunjua kwa mkono wa kushoto, na wa kushoto nao ukakataa. Jicho moja halifumbi, linalia peke yake. Kliniki ilikuwa imefungwa mpaka Jumanne kwa sababu ya Pasaka. Siku zile nne nilimlisha kwa mkono wa Kababu. Nilisimama nje ya mlango nikimwambia mtoto, "Pandisha kijiko. Ngoja ameze. Mfute."

Jumanne walimpokea. Wacera alimshika kiwiko na nikamwona uso umebadilika, mshipa ulikuwa mnene kama kamba ya kanga iliyosokotwa. Vidonge vya kutuliza wamempa sasa, na zile kapsuli zake za mwezi akameza pale pale mbele ya Wacera. Nilimwuliza Ndete kama mikono itarudi. Alivua miwani akaisugua na shati. Akasema kama angeiona mapema, ingerudi. Sasa, akasema, tuombe isiendelee.

Wakataka chupa nyingine kesho yake. Nikaipeleka. Hapo ndipo yalipotokea. Kumbe mtu akimeza kapsuli zile, kesho yake anakojoa mwekundu kama strungi, chai isiyo na maziwa, hakuna anayekwepa. Siku nyingine zote chupa ilikuwa Jumatatu na kapsuli Alhamisi, wekundu ulikuwa ukiisha katikati, na hakuna aliyeutafuta. Wacera aliimimina kwenye kigae cheupe mbele ya benchi nzima. Ilikuwa manjano hafifu. Akaninyooshea kile kigae.

"Huu mkojo ni wa nani, mama?"

Nikasema wa Baba. Akasema, "Nilimwona akimeza. Huu si wake, na sasa naogopa hata hizo zingine hazikuwa zake. Uliona kinyaa, sivyo? Sema tu. Si wewe wa kwanza." Watu walinitazama. Saado aliinuka akahamia mwisho wa benchi. Ndete alikuwa amesimama mlangoni na karatasi zake zote za miezi mitatu, zote zikisema Baba ametulia, na aliniangalia kana kwamba nimemwibia mtu.

Mimi ndiye niliyebeba kikapu. Naapa kwa watoto wangu, nilicholetewa mlangoni ndicho nilichofikisha.

Mwongeli

*

Wamunyu
21 Aprili 1996

Mke wa Munyoki,

Usiape kwa watoto. Bado tutawahitaji.

Baba amefika akiwa amefungwa blanketi kama maiti anayesafirishwa. Nilimpa uji, kikombe kikamchoma vidole mpaka ngozi ikainuka, na yeye ananiuliza mbona nalia. Ndipo nikajua ulichotuletea.

Yote Munyoki ametusimulia, na ya kigae pia. Mimi si mjinga. Uliona kinyaa, ukamwaga ya mzee chooni, ukamkamua mwanao, ukaenda kazini kwako ukiwa msafi. Kila Jumatatu. Na kila mwezi ukatuandikia, habari ni njema, Baba ametulia. Ukanichekesha na kitanda kikavu cha mtoto. Una moyo wewe. Hata mchawi huwa haandiki barua.

Umeila mikono yake. Haya, umeshiba. Mzee hawezi kufunga suruali, hawezi kufukuza nzi kwenye jicho. Mimi nina nyumba ya kuendesha na binti wa kuoza. Kababu amebeba jina lake na ndiye mikono yake. Atakuja akae huku, amvishe, amlishe, amwongoze. Akishika patasi mapema atakuwa fundi. Shule ziko hata huku.

Wazee watakaa mwezi ujao. Kama una la kusema, sema sasa.

Kanyiva

*

Kaloleni
30 Aprili 1996

Dada Kanyiva,

Nina la kusema.

Barua yako ilipofika nilikuwa namwosha Kababu kwenye karai. Sikuwa nimemwuliza mpaka hapo, kwa sababu nani huuliza mtoto wa miaka minne mambo ya hospitali? Nikamwuliza, ile chupa ya babu, alikuwa anaijaza nani? Akacheka. Alijibu kama mtu anayesimulia mchezo. "Mimi. Babu ananishikia chupa. Ananiambia, toa, Nzivo, wewe ndiye mimi."

Nikamwuliza, na babu? "Babu anaenda choo cha nje."

Nilimzaba kofi, Kanyiva. Mtoto amejaa sabuni machoni, hajui amefanya nini, amekuwa akijisifu kwa miezi mitatu kwamba anamsaidia babu yake. Kofi lile lilikuwa la mtu mwingine na mwanangu akalipokea. Usiku kucha alilala ameshika sikio lake. Na asubuhi godoro lilikuwa limelowa.

Simkasirikii Baba kama unavyofikiri. Nimekaa nikalifikiria jambo hili nikifua, na ninaliona. Hakutaka mke wa mwanawe atembee na maji yake. Alinionea haya, na kuona haya kwake ni kuniheshimu. Mkojo wa Kababu naukamua kwenye nguo kila siku, haunishushii heshima. Na kwa Baba, Nzivo ni Nzivo. Ulipozaliwa wewe alikuamkia kama mama yake. Hakudanganya daktari, alidhani amempa maji yake kwa mlango wa nyuma. Alipoambiwa maji ni mazuri, aliamini ni yeye aliye mzuri. Alikatwa na patasi asisikie, na bado akaamini chupa. Wote tuliamini chupa.

Lakini mwili haujui jina. Kile kitu anachotafuta Ndete kilikuwa kinamwagika kwenye choo cha nje kila alfajiri, mita chache kutoka kitandani kwangu, na mimi nabeba maji ya mtoto mzima kuyapeleka kliniki.

Sitaki aaibishwe. Nataka kitu kimoja. Mwulizeni mbele ya wazee. Akisema, mimi sitadai msamaha wa mtu. Hata naweza kuja kumchukua, nimwoshe kwa mikono yangu mwenyewe, haya na iishe. Lakini mtoto hatoki.

Mwongeli

*

Wamunyu
19 Mei 1996

Mwongeli,

Wazee wamekaa jana. Umetaka aulizwe, ameulizwa.

Mzee Laban, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo sasa, alimwuliza wazi, mbele ya Munyoki na mbele ya watu wote. "Nzivo, chupa ulizompa mke wa mwanao zilikuwa na maji ya nani?"

Baba akasema, "Yangu."

Laban akarudia. "Hakuna mtu mwingine?"

"Nilitoa yangu mwenyewe."

Basi. Hapo kikao kiliisha. Munyoki alitoka nje na hakurudi mpaka chakula. Unajua baba hajawahi kusema uongo, na hata jana hakusema.

Nami nitakwambia jambo kwa sababu sikuogopi. Usiku nilimvua viatu tukiwa wawili nikamwuliza kuhusu mtoto. Alinishangaa. Akasema, "Mama, Nzivo si Nzivo?" Akalala. Kwa hivyo najua kwamba ulichoandika ni kweli. Nimejua, na nimenyamaza, na nitanyamaza. Ungetaka niwaambie wazee nini? Kwamba mchongaji mkubwa wa Wamunyu amejimaliza kwa akili zake mwenyewe? Kwamba aliipa hospitali nzima mkojo wa mtoto akiuita wake? Hana kitu kingine kilichobaki ila jina. Siwezi kumvua na hilo.

Wewe ulitoka kwingine, bado kijana, una mgongo. Beba. Wanawake wamebeba makubwa zaidi katika ukoo huu na hakuna aliyekufa.

Mtoto aje kabla ya Juni. Anapoulizwa anachotaka, Baba hasemi uji wala dawa. Anasema, leteni mikono yangu.

Kanyiva

*

Malaba
22 Mei 1996

Mwongeli,

Niko mpakani, tumezuiwa. Nikitoka hapa nitapita nyumbani Jumamosi kumchukua mtoto. Mfungie nguo na sweta. Sitaki kelele mbele ya majirani. Maneno uliyomtia mdomoni mtoto nimeyasikia kwa dada yangu, na sijui nilioa mtu gani. Ukitaka tubaki pamoja, Jumamosi uwe na adabu.

Munyoki

*

Mukuru kwa Njenga
9 Juni 1996

Kwa Mzee Nzivo,
kwa mkono wa Mzee Laban, ambaye namwomba aisome kwa sauti, watu wakiwepo, Kanyiva akiwepo.

Baba, nimeandika jina lako. Tangu niolewe sijawahi kulitamka, hata nikimwita mwanangu nilizunguka nikasema Kababu. Leo nimeliandika kwa sababu hili ni jambo la jina na haliwezi kusemwa kwa kuzunguka.

Jumamosi ile Munyoki alikuta nyumba imefungwa. Ninakaa huku na wanangu wawili, karibu na kiwanda, chumba hakina dirisha lakini mlango una komeo kwa ndani. Asinitafute kwa hasira. Akija kwa amani ataona watoto wake.

Baba, walikuuliza ukasema yalikuwa yako. Najua hukudanganya. Mbele ya wazee uliamini unasema kweli, na kweli hiyo imenifanya mimi mwizi wa mikono yako. Ningeweza kulibeba hilo. Kanyiva amesema nina mgongo, na ninao. Lakini sasa mnataka kitu kingine. Mnasema Kababu ni wewe, kwa hivyo mikono yake ni yako, na iletwe.

Nimekaa nikaliangalia neno hilo pande zote. Likiwa kweli kwa mikono, ni kweli kwa kila kitu. Leo ni mikono. Kesho jicho lako lililobaki litaingia giza na atakuwa macho. Siku ukifa mtasema amekufa au mtasema ameishi, sijui. Mtoto ana miaka minne. Aliambiwa yeye ni wewe, akakojoa kwenye chupa kwa furaha, na kwa furaha hiyo wewe ukapoteza vidole na yeye akapigwa na mama yake. Hajui mpaka leo kosa lake. Mimi ninalijua. Kosa lake ni jina.

Kwa hivyo nimemtoa. Jumapili iliyopita kanisani hapa alibatizwa Wathome, jina la baba yangu, ambaye amekufa na hahitaji mikono ya mtu. Nilimwambia mchungaji jina la zamani lisitajwe. Nyumbani kwangu hakuna tena Nzivo, na tumboni mwangu hatatoka mwingine.

Najua nimekufanya nini. Wazee walioko hapo wanajua, na ndiyo maana nimetaka isomwe wakisikia. Mtu asipoitwa tena na mtu, ndipo anapokufa kabisa. Usidhani niliandika hili kwa kalamu nyepesi. Mikono yako inaniuma, Baba. Ningekuja kuiosha, na nilisema hivyo, na hakuna aliyenijibu.

Sasa Kanyiva sikiliza, haya ni yako. Vidonge vya kutuliza visikatwe ghafla, vinapunguzwa kidogo kidogo, Wacera ameniapia. Kapsuli za mwezi asikose hata moja. Kila jioni mkague viganja na nyayo, hasikii moto wala mwiba, kidonda atakijua kwa harufu. Chai apewe ikiwa imepoa. Jicho lile lifunikwe kitambaa safi akilala. Na mkojo wake, Kanyiva, ukihitajika tena, utaubeba wewe.

Mtoto bado hajalizoea jina. Jana jioni alikuwa uani akicheza na vifuniko vya soda, nikamwita, "Wathome." Hakugeuka. Nikaita tena. Aliangalia nyuma yake kuona ni nani anayeitwa. Nikaweka sufuria chini, nikaenda nikachuchumaa mbele yake, nikamshika mikono yote miwili, nikaita.

Mwongeli